Jirani amenunua mashine ya kompyuta. Nami nikope?

*“Mwalimu, pokea salamu kutoka Kibuye, Kisumu. Mimi ni seremala. Nina karakana ya mafundi watano niliyoachiwa na mjomba. Tunatengeneza vitanda, meza na makabati ya nguo. Mwezi mzuri tunatoa makabati sita na vitanda kumi hivi. Mwaka jana jamaa mmoja upande wa Mamboleo alileta CNC, ile mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Sasa wateja wanakuja kwangu na simu mkononi wakinionyesha picha za kazi yake. Kukata na kuchonga kabati moja hutuchukua saa tano. Muuzaji wa mashine anasema kwake ni dakika 40. Bei ni Sh 1,200,000. Nina akiba ya 300,000. Mkopeshaji atanipa 900,000 kwa riba ya asilimia 14, nilipe 35,500 kila mwezi kwa miezi 36, lakini anataka hati ya shamba la nyumbani kule Seme. Mke wangu amekataa. Mpwa wangu aliyetoka chuo anasema tusipoinunua tumekwisha. Mafundi wananung’unika. Wao nawalipa kwa kipande, na kwa wastani fundi huondoka na Sh 1,200 kwa siku. Miaka mitatu iliyopita niliwanunulia randa ya stima, na kwa sababu tokeni ni ghali nikawapunguzia Sh 200 kwa kila kitanda kinachopita hapo. Hadi leo nikitoka tu wanarudi kwa randa ya mkono. Je, sisi wa karakana ndogo tumeachwa nyuma? Au teknolojia itatufikia tu, kama simu ilivyotufikia? Nikope au nisikope?”*

Ndugu yangu seremala, salamu zimefika. Usitie sahihi mkopo huo. Sisemi usinunue mashine kamwe. Nasema mkopo huo, kwa masharti hayo, kwa karakana jinsi ilivyo leo, utakukaba shingo kabla hujajua hata mashine inapenda kulishwa nini. Na mkeo akiwa karibu, mwambie kwamba kwa habari ya hati ya shamba niko upande wake.

Umeniuliza mambo mawili katika barua moja. Lipo la pesa, ambalo lina hesabu, na tutaipiga hapa hapa. Lipo pia lile linalokunyima usingizi: kwamba wenye mashine wanakwenda, nanyi mmebaki mkipiga randa chini ya mabati, na labda kosa ni lenu. Nitaanza na hili la pili kwa sababu ndilo linalowasukuma watu kukopa vibaya.

Mfano wako wa simu haukai sawa. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na haikupita miaka mingi wauza omena, yaani dagaa, wa ufukwe wa Dunga wakawa wanapokea malipo kwa simu. Lakini angalia iliwadai nini. Mama wa omena hakubadilisha namna ya kuanika, hakuhamisha kibanda, hakuajiri mtu mwingine. Ugumu wote ulikuwa umebebwa na kampuni na mawakala. Yeye alibonyeza namba nne za siri. Kitu cha namna hiyo huenea kama moto kwenye nyasi kavu. Mashine ya karakana si hivyo. Ukitaka kuielewa, ifananishe na mbegu.

Mahindi chotara ya H611 yalitoka kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964. Nyanda za juu yalishika haraka, kwa mwenye mamia ya ekari na kwa mwenye ekari mbili. Huku chini kando ya ziwa hayakushika vile, na waliotutazama kutoka juu walisema sisi ni wagumu wa kubadilika. Ukweli ni kwamba mbegu zile za namba 600 zilizalishwa kwa ajili ya mahali penye ubaridi na mvua ndefu, tena huchelewa kukomaa. Mkulima wa Seme mwenye jua kali, mvua fupi na kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, shambani alipozikataa, alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kuliko waliomcheka.

Ila hesabu hiyo haikuwa moja kwa kila mtu. Tavneet Suri, mchumi Mkenya, aliwachunguza wakulima wa mahindi wa Kenya na kuchapisha utafiti wake mwaka 2011. Aligundua kuwa wakulima hutofautiana sana katika faida wanayoipata kwa mbegu chotara. Kuna walioiacha kwa sababu isingewaongezea mengi. Kuna wengine walioiacha ilhali ingewafaa mno, kwa kuwa kuipata mbegu na mbolea kulikuwa ghali: duka liko mbali, barabara ni mbovu. Ukiwatazama kwa mbali wote ni “wasiotumia mbegu mpya.” Ukiwakaribia, mmoja anahitaji barabara na mwingine hahitaji kitu. Swali langu kwako ni hilo: katika hawa wawili, wewe ni yupi?

Kabla hatujalijibu, niondoe aibu kidogo. Pengo kati ya karakana ya mbele na ya nyuma halikuanzia Kibuye, wala si ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Marekani kwenyewe, ukipanga viwanda vya kazi ileile kwa mstari, kile kilichowapita asilimia 90 ya wenzake hutoa karibu maradufu ya kile kilichowapita asilimia 10 tu, kwa watu na mali ghafi zilezile. China na India pengo hilo limepimwa likazidi mara tano. Na wote hao wanasoma katalogi zilezile za mashine. Kama kujua tu kwamba mashine ipo kungetosha, pengo lingekuwa limezibika zamani.

Kinachochelewa njiani, basi, ni nini?

Umeme viwandani unalieleza jambo hili kuliko kitu chochote ninachokijua. Edison alifungua kituo chake cha umeme New York mwaka 1882. Kufikia 1900, chini ya asilimia 5 ya nguvu iliyozungusha mitambo ya viwanda vya Marekani ilitokana na mota za umeme. Wengi waliojaribu waling’oa injini kubwa ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa palepale, wakaacha ule mhimili mrefu wa dari na mikanda yake ikizungusha kila mashine. Walipata nini? Si mengi. Faida kubwa ilikuja miaka ya 1920, wenye viwanda walipoelewa kwamba kila mashine inaweza kuwa na mota yake ndogo, na kwa hiyo jengo halihitaji tena kupangwa kwa kufuata mhimili. Wakazipanga mashine kwa kufuata safari ya kazi, kutoka mali ghafi hadi mzigo kupakiwa. Miaka karibu arobaini tangu Edison. Mota zilikuwepo muda wote huo. Kilichochelewa ni watu kupanga upya kazi inayoizunguka mota.

Sasa ingia karakana yako kwa jicho hilo. CNC itakata kabati kwa dakika 40, sawa. Lakini kabati hilo linasubiri mteja alete nusu ya pesa, linasubiri bodi kutoka mjini, linasubiri bawaba, linasubiri vanishi ikauke kwenye ua ambao mvua ya jioni ya Kisumu inaufikia. Nikibahatisha bila kuiona, kabati lako hukaa siku tisa au kumi kutoka oda hadi kupakiwa kwenye mkokoteni, na katika siku hizo saa tano tu ni za kukata. Unataka kukopa laki tisa upunguze zile saa tano. Siku zile nyingine nani anazigusa?

Nakuja kwa randa yako ya stima. Hapa nitakaa, kwa sababu barua yako ilijijibu yenyewe na hukuona.

Ni rahisi kusema mafundi wako ni wakaidi. Hebu twende Sialkot, Pakistan, mji ambao mipira mingi ya soka ya dunia hii hutengenezwa. Watafiti, wakiongozwa na David Atkin na Eric Verhoogen, walibuni kifaa kipya cha kukatia vile vipande vya pembe tano vya mpira. Ni kisu cha chuma kilichopangwa kwa ujanja ili ngozi bandia isipotee bure kati ya kipande na kipande. Kiliokoa mali ghafi kweli, na bei yake ilikuwa ndogo. Wakawapa bure viwanda 35. Baada ya miezi 15, viwanda vilivyokuwa vikikitumia ni 5.

Walipochunguza wakakuta hivi. Mkataji hulipwa kwa kipande. Ngozi inayookolewa ni ya mwenye kiwanda, lakini mwendo unaopotea wakati wa kujifunza ni wa mkataji, na unatoka mfukoni mwake. Basi mkataji akamwambia bosi kuwa kifaa hakifai, na bosi, ambaye hajashika kisu miaka mingi, akaamini. Watafiti wakarudi na jambo dogo: mkataji akionyesha kwamba amekimudu kifaa kipya, anapewa malipo ya takriban mshahara wa mwezi mmoja. Matumizi yakapanda mara moja. Kumbuka kwamba mwenye kiwanda angeweza kuitoa pesa hiyo mwenyewe tangu mwanzo na bado apate faida. Hakufikiria.

Wewe umefanya zaidi ya kutofikiria, ndugu yangu. Umewatoza faini. Fundi akipiga randa ya mkono, kipande kizima ni chake. Akiwasha ya stima anapoteza Sh 200, anaweka vidole karibu na kisu asichokizoea, na kama ubao ukiharibika sijui nani hulipa, maana hukuandika. Mimi ningekuwa fundi wako, nawe ukiwa umetoka, ningerudi kwenye randa ya mkono vilevile. Na mashine ya milioni moja ikiingia katika mpango huohuo wa malipo itakutana na mambo yaleyale. Haitalala bila kazi, kwa sababu utasimama pembeni yake uhakikishe, lakini kila siku kutakuwa na kisingizio: programu imegoma, ubao umepinda, stima imekatika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji benki. Rudisha zile Sh 200. Mwambie fundi atakayenyoosha mbao kumi kwa randa ya stima, zikapimwa kwa gunia, yaani kipimo cha pembe mraba, zikakubali, kwamba ana bonasi yake siku hiyohiyo. Bei ya kipande usiiguse kwa miezi mitatu. Baada ya hapo kaeni chini mgawane: kazi imekuwa nyepesi, bei ya kipande inaweza kushuka kidogo, lakini idadi imepanda, kwa hiyo jioni fundi anaondoka na zaidi ya 1,200. Hilo likishindikana kwa randa, CNC hutaiweza.

Sasa hesabu. Saa tano ni dakika 300. Toa 40, umeokoa dakika 260, yaani saa nne na dakika 20 kwa kila kabati. Kwa makabati sita umeokoa saa 26 kwa mwezi. Marejesho ni Sh 35,500. Gawanya: kila saa unayoiokoa unainunua kwa karibu Sh 1,365. Fundi anayeondoka na 1,200 kwa siku ya saa nane anakugharimu 150 kwa saa. Ili mashine ijilipe kwa kuokoa kazi peke yake, ungehitaji kuokoa karibu saa 237 kwa mwezi, ambazo ni makabati 55 hivi. Leo una sita. Tena hizo dakika 40 za muuzaji hazina ndani yake kuchora kwenye kompyuta, kupakia bodi, kubadilisha kisu, wala siku kijana aliyesomea mashine anapoitwa Nairobi kwa mshahara mkubwa zaidi.

Mpwa wako atasema nimeonea mashine, na ana haki kidogo. Mashine huleta pia kazi ambayo mkono hauifanyi, yale maua ya milangoni wateja wanayokuonyesha kwenye simu. Oda mpya ni pesa. Lakini oda hizo bado hujazihesabu. Una picha tu za wateja. Wangapi kati yao waliondoka kwako wakaenda Mamboleo na kulipa bei ya Mamboleo? Waulize wateja kumi wa mwisho uliowapoteza, kama namba zao bado unazo. Mara nyingi jibu huwa si maua. Huwa ni “ulisema Ijumaa, ukanipa Ijumaa ya tatu.”

Kuhusu riba pia, uangalie vizuri. Asilimia 14 uliyotajiwa inahesabiwa juu ya laki tisa nzima kwa miaka yote mitatu, hata ukiwa umebakiza laki moja. Utalipa jumla ya Sh 1,278,000. Ukiihesabu juu ya deni linalopungua kila mwezi, ambayo ndiyo namna ya kulinganisha mkopo na mkopo, hiyo ni kama asilimia 24 kwa mwaka. Mkopeshaji hajakudanganya, amekutajia namba iliyo tamu. Ukifika kwa mwingine, swali ni moja tu: hii ni kwa salio linalopungua au kwa deni la mwanzo?

Kuhusu hati ya shamba, kama nyumba ya ndoa iko juu ya ardhi hiyo, kukataa kwa mkeo si maoni tu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mwenzi akubali ndipo rehani iwe halali. Na tangu 2017 kuna sheria ya dhamana ya mali inayohamishika: mkopeshaji anaweza kuiandikisha mashine yenyewe kama dhamana. Anayekataa mashine na kung’ang’ania shamba anakuambia jambo kuhusu thamani anayoipa mashine hiyo siku ya kuiuza kwa mnada. Mimi ningemsikiliza.

Je, nimekuambia ubaki na msumeno wa mkono? Hapana. Kuna njia ya tatu, na iko umbali wa boda moja.

Uganda, timu ya Vittoria Bassi na wenzake ilichunguza karakana ndogo, zaidi zikiwa za useremala, na kuchapisha mwaka 2022. Ukiingia karakana moja moja unaona hawana mashine kubwa, unasikitika. Ukikaa pale kutwa unaona mbao zinabebwa begani kwenda kwa jirani, zinapigwa randa na kupimwa unene, mwenye mbao analipa, anarudi nazo. Mashine moja inahudumia mtaa mzima wa mafundi. Bila soko hilo la kukodishana, wengi wa wadogo wasingegusa mashine hata siku moja, kwa sababu hakuna hata mmoja wao mwenye kazi ya kuijaza peke yake. Kibuye pia jambo hili mnalijua. Randa kubwa za kukodi si ngeni kwenu. Nakuomba uipeleke fikra hiyohiyo kwa CNC.

Yule jamaa wa Mamboleo unamwona kama adui. Mtazame tena. Mashine yake nayo huenda ina deni, na hakuna seremala wa Kisumu ninayemjua mwenye kazi ya kuijaza saa nane kila siku. Zile saa anazokaa kimya zinamuuma. Mpelekee mchoro wa milango miwili na bodi zako, umuulize bei kwa saa au kwa bodi. Akikuambia, tuseme, Sh 1,000 kwa saa, na kabati likala saa moja kamili, umepata maua yako kwa elfu sita kwa mwezi badala ya elfu thelathini na tano na nusu, na mwezi mbaya usio na oda hulipi kitu.

Kuna hatari zake na nitakutajia. Ataiona michoro yako. Desemba, kila mtu akitaka kabati la Krismasi, atajihudumia kwanza na wewe utapanga foleni. Bodi zikiharibika mikononi mwake mtabishana, kwa hivyo andikianeni, hata kama ni ujumbe wa simu. Ukiona unakodi saa arobaini, hamsini kwa mwezi, miezi minne mfululizo, na unachelewesha wateja kwa sababu ya foleni, basi umekuwa yule mkulima wa aina ya pili: mashine inakufaa, njia ya kuipata ndiyo ghali. Hapo niandikie tena, na jibu langu litakuwa jingine.

Watu wataniambia, mbona usimshauri anunue na wenzake kupitia chama? Nilishauri hivyo wakati mmoja, kikundi cha mafundi Nakuru, na nilikuwa na uhakika wa kijana. Mashine ikaja, wakacheza ngoma. Kisu cha kwanza kilipovunjika hakuna aliyekubali kwamba ni zamu yake kununua kingine, na mara ya mwisho nilipopita ilikuwa imefunikwa turubai na kuku wanalalia juu. Vikundi vinavyoweza vipo. Lakini mashine ikiwa ya mtu mmoja anayewakodishia wenzake, anayevunja na anayelipa wanajulikana.

Wakati unakodi, fungua daftari. Najua neno hili linachosha, ila nisikilize. Hapa kwetu magharibi mwa Kenya, watafiti watatu, Beaman, Magruder na Robinson, walihesabu biashara ndogo zinapoteza kiasi gani kwa sababu tu mwenye duka hana chenji wakati mteja amesimama mbele yake. Ilikuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. Kwa sarafu! Na wenye maduka walipoanza kuulizwa habari hiyo kila wiki, walianza kubeba chenji na hasara ikapungua. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Kwako chenji ni kitu kingine. Kwa wiki mbili andika kila kabati: siku oda ilipoingia, siku bodi ilipofika, siku lilipokaa bila kuguswa na kwa nini, bodi ngapi ziliingia na vipande vikubwa vingapi vilibaki pembeni. Mpwa wako mpe kazi hii. Ziko programu za bure za kupanga mikato juu ya bodi kabla ya kukata, unaingiza vipimo, inakuonyesha mpangilio. Kijana aliyetoka chuo ataimudu kwa jioni moja, na hiyo ni teknolojia mpya imeingia karakana bila kibali cha mkopeshaji. Aongeze na vigezo vya mbao ngumu, yaani vipande vya mfano vinavyoongoza keekee, vya kutobolea matundu ya bawaba, ili kila mlango uwe sawa na mwenzake. Sehemu kubwa ya ule usawa wateja wanaousifia Mamboleo ni vigezo. CNC ni kigezo chenye mota.

Jambo jingine moja: tafuta mtu. Nairobi, mtaa wa Dandora, wanawake wenye biashara ndogo waligawanywa. Wengine wakafundishwa darasani, wengine wakaunganishwa na mwanamke mzee zaidi wa mtaa huohuo aliyefanikiwa. Darasa halikusogeza faida. Waliopata mlezi faida ilipanda kwa asilimia 20 hivi, na kwa wengi ilififia walipoacha kuonana. Nami nasema haya nikiwa mtu niliyelipwa miaka mingi kufundisha madarasani! Mwenye karakana iliyo hatua mbili mbele yako, si ishirini, anajua nani huuza bodi zisizovimba na fundi gani wa mota haibi shaba. Mnunulie chai.

Yako mambo ambayo sitaki uyaamue kwa barua hii. Mashine nyingi za ukubwa huo zinataka umeme wa fezi tatu, na karakana yako pengine ina fezi moja. Mlete fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, aione nyaya kabla hujalipa mtu yeyote hata shilingi, maana gharama ya kuvuta laini haimo kwenye ile milioni moja na laki mbili. Stima yetu inayopanda na kushuka huunguza vifaa vya kompyuta, na muuzaji aseme kwa maandishi nani atagharamia. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, ina kituo hapa Kisumu, na Kisumu National Polytechnic huenda ina watu wanaozijua mashine hizi. Nenda ukasimame mbele ya moja ikifanya kazi kutwa nzima, si dakika kumi za maonyesho. Ukija kutafuta mkopo mwingine, anzia Kenya Industrial Estates, shirika la serikali lililoanzishwa 1967 kwa ajili ya watu kama wewe, ulinganishe masharti. Habari ya hati, mwone wakili pamoja na mkeo, mkae wote wawili upande mmoja wa meza.

Tena vumbi. Ukianza kukata MDF, zile bodi za unga wa mbao, kwa mashine, yako au ya kukodi, vumbi lake ni laini kuliko la saipras na lina gundi ya kemikali ndani. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliorodhesha vumbi la mbao kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1995. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi; nunua barakoa za vumbi zenye kichujio, na fundi anayekohoa asubuhi tatu mfululizo aende hospitali, asiambiwe anywe maziwa.

Nikirudi kwa mafundi wako: Jumamosi ya malipo, kabla hujawatajia Mamboleo wala daftari, waambie kwanza habari ya zile Sh 200. Anza na yule mzee wao, yule anayeipenda randa ya mkono kuliko wote, na umwombe awe wa kwanza kupima mbao kumi. Akishindwa mara ya kwanza mlipe siku yake kamili, umrudishe Jumatatu.